Banda la Ndege wa Visiwani

Jumatatu ya tarehe mbili Februari, mwaka 2004, Modestus Kaijage alikaa ukingoni mwa kitanda akashindwa kufunga kamba za viatu vyake. Aliinama mara mbili, na mara zote mbili kikohozi kikamrudisha juu. Mkewe, Prudensia, ambaye alikuwa ameshavaa sare ya kazi ya hospitali, alipiga magoti akamfungia. Alipomshika mguu alihisi joto likipita kwenye soksi. Akamwambia leo haendi popote. Modestus akajibu kwamba hana budi kwenda, kwa sababu Jumamosi waliokota kumi na mmoja na leo huenda wakawa wengi zaidi.

Alikuwa anasema habari za ndege waliokufa.

Mwajiri wake, mzee Trammell, alikuwa tajiri wa mabomba ya visima vya mafuta. Shamba lake lilikuwa kusini ya Pearland, mji wa Marekani ulio jirani na Houston, mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka nyumba waliyopanga akina Modestus. Katikati ya shamba hilo alijenga banda la wavu refu kuliko kanisa. Ndani mlikuwa na bwawa la maji ya chumvi, miamba ya saruji, na mashine iliyosukuma maji yakawa mawimbi. Humo alifuga ndege wa visiwa vya joto: mabata wa Karibi wanaopiga miluzi badala ya kulia, buabua wenye migongo myeusi, ndege wakubwa wa bahari wenye miguu myekundu, na wengine weupe kabisa ambao mkia wao ni manyoya mawili marefu membamba. Modestus, aliyesomea wanyamapori nyumbani Tanzania, ndiye aliyewatunza kwa miaka minne. Alijua yupi anakula dagaa wa mkononi na yupi mpaka arushiwe majini. Mzee alipomtambulisha kwa wageni alisema, huyu ni kijana wangu wa ndege. Modestus alikuwa na miaka arobaini na moja.

Aliyavumilia hayo kwa sababu ya makaratasi. Trammell ndiye aliyemwombea kibali cha ukaaji wa kudumu, yeye na mkewe na binti yao Shalom, na wakili alikuwa amesema imebaki hatua moja tu na sahihi ya mwajiri.

Wiki moja kabla ya Krismasi liliingia shambani trela la kusafirishia farasi. Ndani hamkuwa na farasi bali masanduku ya ndege, yamepangwa mpaka darini. Modestus aliuliza vyeti vya daktari wa mifugo. Mzee akasema vinakuja. Havikuja. Baadhi ya ndege wale walikuwa na macho yaliyogandamana, wanaharisha kijani, wamejikunyata kwenye pembe za masanduku kama wazee wenye baridi. Mkongomani aliyeitwa Aimable, aliyefanya kazi na Modestus bandani, ndiye aliyepewa bomba la maji akaoshe masanduku. Wiki ya pili ya Januari Aimable akafa. Wakaambiwa ni nimonia.

Siku hizo redio hazikuzungumza kingine ila mafua ya ndege huko Asia, na kuku waliokuwa wakifukiwa kwa mamilioni. Trammell aliwaita wafanyakazi wake akawaambia kwamba serikali ikisikia ndege wanakufa hapa, itakuja kuua wote, wazima na wagonjwa, na kazi itakuwa imekwisha kwa kila mtu. Jumapili ile, fainali kubwa ya mpira wa Kimarekani ilichezwa Houston, naye alikuwa na wageni kutoka mbali waliotaka kuliona banda. Ndiyo maana Jumamosi Modestus alishinda akipita na ndoo kati ya miamba, akiokota mizoga kabla wageni hawajafika. Aliambiwa avae shati jipya jeupe siku inayofuata na asikohoe mbele za watu.

Sasa alisimama, akapiga hatua tatu, akashika ukuta. Prudensia hakubishana naye tena. Alichukua funguo za gari.

*

Hospitali haikuwa ile aliyofanyia kazi Prudensia. Walikaa mapokezi kwa muda wa saa nne. Mwanamke wa dirishani aliuliza kadi ya bima, akaigeuza huku na huku, akampigia mtu simu kuhakikisha kama ni halali, huku Modestus amesimama mbele yake akitetemeka kwa koti la baridi lililofungwa mpaka shingoni. Akauliza jina la ukoo mara tatu. Mara ya tatu alicheka kidogo, akawaomba waliandike wenyewe.

Daktari aliyempokea alikuwa kijana wa Kihindi mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisikiliza mapafu kwa muda mrefu. Picha ilionyesha wingu upande wa kulia, chini. Akauliza maswali yake polepole, moja baada ya jingine, akiandika. Umesafiri nje ya nchi? Hapana. Kuna mtu nyumbani anayekohoa? Hapana. Unafuga wanyama? Umekaa karibu na ndege, kuku, bata, kasuku?

Prudensia alimtazama mumewe. Modestus hakumtazama.

"Hapana," Modestus alisema. "Nafanya kazi ya bustani. Nakata majani."

Daktari akaandika. Prudensia alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono juu ya begi lake. Miaka sita alikuwa akiwageuza wagonjwa vitandani, akiwaosha, akiwapima joto, na mara nyingi alikuwa amesikia wauguzi wakisema kwamba mgonjwa akidanganya, dawa nayo inadanganyika. Alifungua mdomo. Kisha akafikiri juu ya wakili, na ile sahihi moja, na Shalom ambaye darasani kwao alikuwa amechaguliwa kusoma shairi mwezi ujao. Akaufunga.

Daktari alipotoka, Modestus alimshika mkewe mkono kwa vidole vya moto. Akamwomba aape kwamba hatasema. Prudensia akamwambia si lazima kuapa. Mumewe akazidi kumbana, pumzi zikimwishia katikati ya maneno, mpaka Prudensia akaapa.

Walimlaza ghorofa ya nne, wakamwekea dawa za nimonia ya kawaida.

*

Jumanne homa haikushuka. Jumatano ilipanda. Kichwa kilimuuma hivi kwamba hakutaka pazia lifunguliwe, na jioni alianza kuzungumza Kihaya na watu wasiokuwemo chumbani. Wakaongeza oksijeni.

Jumatano hiyohiyo mchana, Prudensia alikuwa amepita nyumbani kuoga aliposikia gari likisimama nje. Alikuwa mzee Trammell mwenyewe, kofia mkononi, na kikapu cha matunda kilichofungwa kwa karatasi inayong'aa. Kwa miaka minne hakuwahi kufika pale. Prudensia alifungua mlango wote, akamkaribisha, akasogeza kiti chenye mto mzuri.

Hakuingia. Alisimama kwenye njia ya saruji, hatua nne kutoka mlangoni, akakiweka kikapu chini kwenye majani. Kila aliposema alikuwa ameshika kitambaa karibu na mdomo, kana kwamba ana mafua, lakini sauti yake ilikuwa safi. Aliuliza hali ya Modestus. Alisema anamwombea. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, madaktari wameulizia nini. Prudensia akamwambia wameuliza mambo ya kawaida. Naye mumeo amewaambia anafanya kazi gani?

"Bustani," Prudensia alisema.

Mzee akaitikia kwa kichwa kuonyesha amefurahi. Akasema Modestus ni mtu mwenye akili, kwamba amezungumza na wakili jana tu, na ingekuwa huzuni kubwa jambo lililofika mwisho namna ile likikwama. Akavaa kofia. Alipofika kwenye gari, kabla hajashika mlango, alitoa chupa ndogo mfukoni akajimiminia dawa mikononi, akasugua mpaka kwenye viwiko.

Prudensia alibaki mlangoni mpaka gari likakata kona. Hakuwa ameshika kitu chochote cha nyumba ile, yule mzee. Hata kengele hakuibonyeza. Alikuwa amepiga honi.

*

Mjane wa Aimable, Bibiche, alikuwa amehama. Baada ya mazishi alimchukua binti yake Kethia wakaenda kuishi na dada yake Grand Prairie, huko kati ya Dallas na Fort Worth, akapata kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala. Prudensia alimpigia simu Jumatano jioni. Bibiche alisalimia vizuri, akauliza habari za mtoto, lakini Prudensia alipomuuliza Aimable aliumwaje, akasema hawezi kulisema kwa simu, na simu ikakatika.

Alhamisi asubuhi Prudensia aliomba ruhusa kazini, akamwachia jirani yake, Mkenya aliyeitwa Kerubo, jukumu la kumpeleka Shalom shule na kumchukua, akashika barabara kuu ya kaskazini. Saa nne na nusu za kuendesha, malori mbele na malori nyuma, mvua nyembamba haikukatika mpaka mji wa Corsicana. Alifika mahali pa kuegesha magari pa ghala dakika chache kabla ya mapumziko ya wafanyakazi. Bibiche alitoka amevaa fulana ya manjano ya kung'aa na viatu vizito, akaingia garini akafunga mlango. Alikuwa na nusu saa tu. Alifungua kopo lake la wali, akaliacha mapajani bila kula.

Alisema anajua kilichomleta. Alisikia kwamba Baba Shalom amelazwa, na tangu asikie hajalala vizuri.

"Mama Shalom, mi sitakudanganya," Bibiche alisema. "Bwana yangu alirudi nyumbani kichwa kinamuuma sana, homa, anatetemeka. Siku ya tano akaanza kusema na watu wenye hatuoni. Patron Trammell alikuya kwetu. Alibakia inje, hakuingia ata kidogo. Akaniambia docteur akiuliza, niseme Aimable alikuwa anakata majani. Nikasema vile. Docteur akaandika."

Prudensia alikuwa ameweka mikono juu ya usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa.

Bibiche akaendelea kwa sauti ya chini. Baada ya siku nne mumewe akafa. Trammell aligharamia jeneza, kanisa na chakula, watu wote wakamsifu. Siku ya pili yake akaleta karatasi ya Kiingereza, naye Bibiche akaitia sahihi bila kusomewa. Tangu hapo, alisema, amekuwa akijiuliza kama angesema neno moja tu, ndege, Aimable angekuwa wapi leo. Hakuna aliyemuuliza. Kanisani hawajui. Dada yake hajui.

Kengele ililia ndani ya ghala. Bibiche alifunika kopo la wali.

"Enda useme," alisema. "Lakini jina yangu usitaje. Nakuomba. Kethia iko na mimi peke yangu."

Prudensia akamwahidi. Bibiche alishuka akakimbia kidogo, viatu vile vizito vikipiga maji, maana msimamizi alikuwa tayari mlangoni akitazama saa.

*

Prudensia alifika hospitali saa kumi alasiri. Hakupitia chumbani kwa mumewe. Alimkuta yule daktari kijana kwenye meza ya wauguzi, akasimama mbele yake mpaka alipoinua kichwa. Njiani alikuwa ameyapanga maneno kwa Kiingereza, mara nyingi, kuanzia Corsicana mpaka mjini, lakini yalipotoka yalitoka vipande vipande. Mume wangu alidanganya. Hakati majani. Anatunza ndege wa bahari na bata, mamia. Wameletwa bila vyeti. Wanakufa.

Daktari aliuliza kama kuna mfanyakazi mwingine aliyeumwa.

Hilo hakuwa amelipanga. Alimwona kwa mawazo Bibiche akikimbia kwenye maji ya mvua. Alikuwa ameahidi, kama alivyoapa Jumatatu, na sasa alikuwa ameshavunja kiapo kimoja.

"Mmoja amekufa," alisema. "Januari."

Kalamu ya daktari ilisimama. Akaomba jina. Prudensia akalitaja la Aimable, la mume tu, ingawa alijua kwamba atakayemtafuta mume atamkuta mke.

Walibadilisha dawa jioni ileile. Daktari alimweleza kwamba upo ugonjwa ambao watu wengi huupata kwa kasuku, lakini bata nao huwa nao, na ndege wa bahari pia. Hupitia kwenye vumbi la kinyesi kilichokauka, mtu akalivuta. Si mafua yale ya kwenye redio. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama kubwa, ila usipojua ugonjwa ni upi hutaitoa. Akaongeza kwamba kwa sheria lazima aiarifu idara ya afya. Prudensia akasema anafahamu. Kisha akaenda chooni akakaa mle muda, maji ya bomba yakimwagika, ili watu wasimsikie.

Jumamosi asubuhi homa ilishuka. Modestus alifungua macho akaomba maji, akanywa vikombe viwili, akauliza ni siku gani. Prudensia hakutaka asikie kwa mtu mwingine, hivyo alimwambia palepale, kikombe kikiwa bado mkononi mwake. Alimwambia lote: kikapu kwenye majani, Bibiche, daktari, na kwamba maafisa wa serikali wameingia shambani tangu jana.

Modestus alisikiliza mpaka mwisho. Akageuza uso upande wa ukuta.

"Umetuuza," alisema.

Hakusema naye tena siku tatu. Shalom alipoletwa kumwona alimshika mkono na kumuuliza habari za shairi, mtoto akamjibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, na baba akacheka kidogo. Lakini mama alipomsogezea supu, aliipokea kama mtu anavyopokea kitu kwa karani wa dirishani.

Barua ya wakili wa Trammell ilifika nyumbani Jumatano iliyofuata. Ilikuwa ya mistari minne. Mwajiri ameondoa ombi lake. Prudensia aliisoma amesimama kando ya sanduku la barua, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia kwa sababu hakuna mwingine aliyefungua kitabu kile katikati ya wiki. Alimpigia Bibiche. Simu iliita mpaka ikanyamaza. Alipiga tena Ijumaa, na Jumapili baada ya ibada. Mara ya mwisho alipokea dada yake, akasema watu wa serikali wamekuja mpaka ghalani wakamwita Bibiche mbele ya wenzake, na tafadhali asipige tena.

Maafisa waliwapata wafanyakazi wengine wawili wa bandani, Wameksiko, wamelala nyumbani na homa hiyohiyo. Mmoja alikuwa hawezi tena kusimama. Wote wawili walipewa dawa ile, wakapona. Habari hiyo Prudensia aliisikia kwa yule daktari. Alimwambia Modestus, ambaye sasa alikuwa amerudi nyumbani. Modestus alikaa na habari hiyo siku nzima, na usiku wa siku hiyo, walipokuwa kitandani, akauliza tu majina yao.

*

Mwanzoni mwa Machi mwanamke mmoja wa serikali alipiga simu nyumbani. Alijieleza kwa adabu. Trammell alikuwa ameondoka na mawakili wake, shamba limefungwa, na ndege lazima watolewe bandani: wenye dalili watauawa, walio wazima watapelekwa karantini, na wakibaki wazima watafutiwe pa kuishi. Siku mbili watu wake wamejaribu kuwakamata. Ndege wamepanda juu kabisa, wanajipiga kwenye wavu, mabawa yanavunjika. Kuna mtu aliyewazoea?

Prudensia alisema mume wake bado ni mgonjwa. Modestus, aliyekuwa kwenye kochi, alinyoosha mkono akaichukua simu.

Prudensia ndiye aliyemwendesha. Alimwona akivishwa nguo nyeupe za karatasi, glavu, na kinyago kilichofunika pua na mdomo. Zile nguo zilimpwaya, kwa jinsi alivyokonda. Watu wanane waliovaa vilevile walikuwa wamesimama nje na nyavu za mikono. Modestus aliwaomba waziweke chini na wasogee mbali. Akazima ile mashine ya mawimbi, akachukua ndoo ya dagaa, akaingia peke yake.

Kwa muda hakufanya kitu. Alikaa juu ya jiwe la saruji kando ya maji, akingoja pumzi yake itulie. Halafu akagonga ndoo kwa ufunguo, mara tatu, akatulia, mara tatu tena. Wa kwanza kushuka walikuwa mabata wa miluzi, kwa mstari, wakitua majini huku wakijibizana. Wakafuata buabua. Wale wenye miguu myekundu walishuka mwishoni, kwa uzito, wakamzunguka wakiwa wameinua midomo. Aliwalisha. Kila alipomlisha mmoja alimshika kwa mkono wa pili chini ya mabawa, taratibu, akamwinua, akatembea naye mpaka mlangoni, akampa mtu wa pale. Ndege hakupigana. Yule mtu alimtazama machoni na chini ya mkia, akamweka kwenye sanduku la kulia au la kushoto. Modestus hakugeuka kuona ni lipi. Alirudi kwa mwingine.

Ilichukua mpaka alasiri. Mara mbili alisimama na kukohoa, mkono kwenye jiwe, na ndege wakamngoja.

Wa mwisho walikuwa wale weupe wa mikia mirefu. Hawajui kutembea vizuri ardhini, miguu yao iko nyuma mno, huburuta kifua. Alipiga magoti akawachukua wawiliwawili kifuani, manyoya ya mikia yakining'inia chini ya viwiko vyake. Yule mwanamke wa serikali alimsaidia kupanga masanduku, kisha akamshukuru na kumwambia kwamba walio wengi ni wazima. Prudensia, kutoka garini, alikuwa ameyahesabu masanduku ya kushoto. Aliona pia hema dogo nyuma ya gari kubwa, na watu wawili waliokuwa wakiyabeba kuelekea huko.

Modestus alivua nguo zile, akaosha mikono na uso mara mbili alivyoelekezwa, akaja akaketi kwenye kiti cha mbele. Hakufunga mkanda. Kwenye banda kulikuwa kimya. Bwawa lilikuwa limelala kama sahani.

Prudensia aliamua kumwambia sasa juu ya barua. Alimwambia ipo, iko ndani ya Biblia, na wakili mwingine ambaye yeye alimuuliza amesema wana siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine, na baada ya hapo hajui. Modestus akasema alikwisha kuisoma. Aliiona wiki ya kwanza aliporudi nyumbani.

Watu wa kule nje walianza kukunja hema.

"Mama Shalom," Modestus alisema, akitazama mbele. "Ungekuwa wewe umelala kile kitanda, mimi nisingesema."

Prudensia alimgeukia. Mumewe hakuwa analia, wala hakuwa anaomba kitu. Alikuwa amelisema kama mtu anayetaja uzito wake mbele ya muuguzi.

"Ningekaa pale kitini," alisema, "ningesema anakata majani."

Prudensia alinyoosha mkono mbele ya kifua cha mumewe, akauvuta mkanda, akamfungia. Kisha akawasha gari, akalirudisha nyuma taratibu mpaka barabarani, kwa sababu Shalom alikuwa anatoka shule saa tisa na nusu na walikuwa wameshachelewa.